Filamu ya Maji na Miguu ya Angel

Kikatiti, Meru,
Arusha.
Jumapili, 14 Septemba 2025

Mdogo wangu mpendwa Nathanael,

Pokea salamu nyingi kutoka huku nyumbani. Hujambo? Joto la Mtwara linakutendaje? Na kile kifua kilichokuwa kinakusumbua kimepona, au bado unakidanganya kwa chai ya tangawizi? Sisi ni wazima. Mama magoti yanamuuma kwa hii baridi, lakini shambani anakwenda, na ukimwambia apumzike anakuuliza kama utalima wewe. Ng'ombe amezaa dume, kwa hiyo hata pongezi usilete.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu kila nikitaja jina la mkeo mtandao unakuwa mbaya. Karatasi haina mtandao. Nimempa Mika wa jirani, anakuja huko na mzigo wa vitunguu. Soma mpaka mwisho, halafu ukasirike ukipenda.

Wiki mbili zilizopita walikuja watu wa mradi wa maji. Wakatundika shuka jeupe kwenye ukuta wa kanisa, wakawasha jenereta, wakatuonyesha filamu ya kisayansi kuhusu madini ya floraidi yaliyomo kwenye maji yetu. Wanasema yanatoka kwenye mawe ya mlima huu huu wa Meru tunaojivunia. Uwanja ulijaa. Unawajua watu wa hapa, wakisikia bure wanakuja na viti vyao.

Mwanzoni ilikuwa vicheko tu. Kila yalipotokea meno ya kahawia, watu walishangilia kama limefungwa goli. Vijana wakawa wanapigana viwiko, "Oya, si wewe huyo!" wakati wote wana meno hayohayo. Kisha wakaonyesha watoto wenye miguu iliyopinda wakienda shule, na picha za mifupa yao. Hapo ndipo tulipoanza kulisikia jenereta. Kulikuwa na mtoto mmoja anatembea kama mwanao Angel kabisa, goti linatupwa nje na mkono umeshika paja. Mama alikuwa amekaa kando yangu. Sikumtazama.

Ilipoisha wakaruhusu maswali. Mzee Sifaeli alitaka kujua lile chujio la mkaa wa mifupa walilotuonyesha ni mifupa ya mnyama gani, maana yeye hanywi asichokijua. Mwingine akasema hawa wamekuja kutuuzia machujio, hakuna kingine. Kina mama wakauliza kuhusu kuchemsha, wakaambiwa kuchemsha kunaua vijidudu lakini floraidi inabaki palepale. Halafu mtaalamu akasema hata magadi tunayotia kwenye makande yanayo, tena kwa wingi. Zikazuka kelele, kwa sababu mwanamke wa hapa ukimnyang'anya magadi umemnyang'anya jiko. Wewe mwenyewe unajua Mama anavyotia. Angel akikataa kula, Mama alikuwa anaongeza mengine ili maharage yalainike zaidi.

Ndipo mkeo Jackline akasimama. Sikujua kama yupo. Alikuwa nyuma kabisa, amejitanda kanga, akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Naomba kuuliza. Huu ugonjwa wa miguu, mtoto anaurithi kwenye ukoo wa mama yake?"

Mtaalamu akamjibu kwamba hapana, dada, ni maji na chakula, mtoto wa yeyote akilelewa hapa unaweza kumpata. Jackline akasema asante, akakaa. Baadaye nikaja kusikia kwamba filamu hiyo ilishaonyeshwa kwao Olmotonyi wiki moja kabla, na yeye aliitazama. Jibu alikuwa nalo. Alikuja mpaka Kikatiti ili tulisikie sisi.

Hakuna aliyepiga makofi. Uwanja mzima unajua kwa nini ulimrudisha kwao na mtoto akabaki. Watu walipoanza kuzungumza wakati wa kuondoka, nikagundua kila nyumba ilikuwa na sababu yake ya miguu kupinda. Kwa mama Nelson mtoto alisimamishwa mapema. Kwa wengine ni jicho la jirani. Kwetu sisi ni damu ya Waarusha, ya ukoo wa mkeo. Mama alisema, na wewe ukatii.

Watu wananiuliza najisikiaje. Sijisikii chochote, Nathanael. Ni kama mguu ulioukalia muda mrefu, unajua ni wako lakini huusikii. Nakamua, nafua, naitikia salamu. Nilitegemea nitakuwa na hasira na wewe, hata hiyo haijaja.

Siku iliyofuata Mama alipika makande bila magadi. Maharage yalikuwa magumu kama kokoto. Tukayatafuna hivyo hivyo.

Mtaalamu alimwona Angel kabla hawajaondoka. Alisema mifupa yake bado inakua, akibadilishiwa maji na chakula sasa hivi miguu inaweza kunyooka, akicheleweshwa itabaki kupasuliwa. Chemchemi wanayochota kina Jackline kule juu ilipimwa, madini ni kidogo. Mtoto anatakiwa awe huko. Nilijua hivyo na Mama alijua hivyo, lakini nilidhani kwa Mama la kuvunda halina ubani.

Jana Jackline alikuja kumchukua mwanawe. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi. Mama akatoka shambani ameshika jani la isale alilolikata mpakani, akasimama mbele ya mkamwana wake, akamnyooshea kwa mikono miwili. Mama yetu, Nathanael, ambaye hajawahi kumwomba radhi hata mchungaji. Na unajua kwa sisi Wameru ukiletewa isale la kuomba msamaha hukatai.

Jackline akalipokea kwa mikono miwili. "Nimekusamehe, Mama. Lakini mtoto naondoka naye."

"Mchukue," Mama akasema. Akaingia ndani, akatoka na nguo za Angel zimeshafungwa, zimepigwa pasi zote.

Angel aliuliza nani atawafungia kuku jioni. Nikamwambia mimi. Wakaondoka kuelekea barabarani, Angel mkono mmoja kwa mama yake na mwingine umeshika paja. Nilisimama pale nikingoja machozi, hayakuja, nikaenda kufungia kuku.

Kabla hajaondoka nilimwuliza Jackline nikuambie nini. Akasema, "Mwambie sijamkataza kuja."

Basi nisikilize, mdogo wangu. Isale la Mama ni la Mama, wewe halikufuniki. Usinitume mimi nikakuombee, wala usimpigie mjomba, wala usimtafute mzee wa kanisa. Njoo ukate lako, upande nalo Olmotonyi kwa miguu yako, wakuone wakwe zako kina Lemburis na shemeji zako wote.

Wasalimie Sylvanus na mkewe, na jirani yako yule wa Newala aliyetuletea korosho. Catherine na watoto wa Elerai wanakusalimu. Mama hajaniambia nikusalimie, na sikumwuliza.

Mungu akutunze huko uliko, akuponye kifua, akupe na miguu ya kuja.

Mimi dada yako, ninayekupenda hata leo,
Elifuraha