Je, Mume Wangu Kashuka?

Buhera,
Jumapili, baada ya kanisa

Mdogo wangu Tongai,

Nakupigia makofi ya salamu nikiwa nimechuchumaa, viganja nimevikunja kama ninayechota maji, jinsi Bibi alivyotufundisha sisi wasichana. Nawe yapige yako huko Johannesburg, viganja bapa, vidole kwa vidole, kiume. Usipige kwa nguvu lakini, majirani wasije wakadhani umerukwa na akili. Habari za afya yako? Kile kifua kimepona? Sisi huku tupo, ikiwa nawe upo. Baba mdogo Zivanai anakusalimu, mkewe Mai Kundai anakusalimu, na mbuzi wako aliyebaki anakusalimu pia, ingawa amekuwa na tabia mbaya sana.

Siku ya mazishi ulinipigia simu ukaniuliza kama Bibi amekufa akiwa na kinyongo nawe, nami nikakata. Sikukata kwa hasira. Uani kulikuwa kumejaa watu, na jibu la swali hilo si la kutolewa kwenye simu huku mtu anakuuliza chumvi iko wapi. Leo nimekaa peke yangu jikoni kwake, mahali pake pale karibu na mafiga. Nivumilie, nitalifikia.

Kwanza nikuambie tulivyomzika, maana najua huna karatasi za kuishi huko, na ungevuka mpaka kuja huku usingejua utarudi vipi kazini. Hakuna aliyekusema vibaya. Watu walikuja wengi, hata wale aliowatukana.

Unamkumbuka alivyokuwa kwenye misiba ya wenzake. Wake walioolewa katika ukoo huu wote huvaa nguo za marehemu wakamwigiza, ndiyo kazi yao, lakini yeye alikuwa mwingine kabisa. Baba mkwe wake alipofariki, naye akiwa bado bibi harusi wa juzi tu, alivaa koti la mzee, akashika fimbo yake, akapita katikati ya waombolezaji akimwambia kila mmoja jinsi palizi yake ilivyo aibu kwa taifa zima. Mjane mwenyewe akacheka akiwa amejilaza mkekani. Tangu siku ile akawa anaitwa hata kwenye misiba ya koo zisizomhusu. Alikuwa akisema kwamba kabla mtu hajafukiwa, watu wamwone kwanza mara moja zaidi.

Na ni huyo huyo aliyetulea baada ya mama kufariki. Alimfukuza mkuu wa kijiji kwa mwiko wa ugali alipokuja kutaka shamba letu la bondeni, na mzee wa watu akaondoka na ugali kwenye kofia. Tulipougua surua alitusukuma kwenye toroli mpaka kliniki, mimi huku wewe kule, akitukataza kufa kama mtu anavyowakataza watoto kugusa sukari. Wewe alikuita mume wangu, mimi mke mwenza. Ukoko wa uji wa boga alikupa wewe siku zote. Nikilalamika ananiambia, "Mke mwenza, nenda katafute bwana wako, huyu ana mwenyewe."

Sasa kazi ya kumwigiza ilimwangukia Mai Kundai. Maskini, mama mkwe wake alikuwa anamtetemesha miaka yote hiyo, na sasa alitakiwa avae kofia yake nyekundu ya sufu na kuchezea kopo lake la ugoro mbele ya watu. Alianza vibaya, sauti haitoki, vijana wakaanza kuguna. Halafu wabebaji wakaliinua jeneza upande mmoja ukawa chini, na yule mwanamke akawageukia, mkono kiunoni: "Nyie! Mnanibeba kama gunia la mahindi ya msaada? Mama zenu waliwapa nini asubuhi, maji ya kuoshea vyombo?" Tongai, ilikuwa ni yeye. Ilikuwa ni Bibi mtupu. Watu walicheka mpaka wabebaji wakaliweka jeneza chini wapumzike, na mimi nilicheka huku machozi yananitoka puani.

Kisha Mai Kundai akafanya kitu ambacho hakuna aliyemtuma. Akakinga macho kwa mkono, akatazama barabarani kuelekea kituo cha basi, akauliza kwa ile sauti, "Je, mume wangu kashuka?" Kicheko kikakatika palepale. Kila mtu alijua nani anaulizwa. Baba mdogo alikwenda nyuma ya nyumba, na mimi nikaondoka nikakaa chini ya ghala, nikashindwa hata kurudi kutupa udongo kaburini mpaka walipokuja kunichukua.

Sasa nikuambie nililokuficha. Macho ya Bibi yalizimika mwaka jana. Alinikataza nisikuambie, akasema utavuka ule mto wa mpakani kwa upumbavu uliwe na mamba. Basi akawa anasikiliza. Kila basi la mchana likipiga honi anauliza kama mume wake kashuka, nami nasema bado, naye anasema, "Basi atakuwa anachana nywele kwanza, ana maringo yule." Hivyo hivyo, kila siku.

Wiki ile ya mwisho alikataa chakula. Basi likapiga honi, na hakuuliza. Nilikaa nikisubiri aulize, hakuuliza. Hapo ndipo nilipoogopa, na sijui nikuambie nini zaidi kujitetea. Nilitoka nje nikavaa yale mabuti yako uliyoyaacha chini ya ghala. Nikaja nikiyaburuza kama unavyoburuza wewe, nikakohoa kikohozi chako, nikaishusha sauti mpaka tumboni, nikasema, "Bibi, nimekuja." Nikachuchumaa mlangoni nikampigia makofi.

Aligeuzia sikio mlangoni. Kisha akatabasamu, akasema, "Mume wangu. Umechelewa, nimezeeka bila ruhusa yako." Akauliza kama umeoa, nikajibu hapana, akasema ni vizuri, mke mwenza aliyenaye anatosha kumtesa. Akakubali uji. Akaumaliza wote, Tongai, bakuli zima, kutoka mkononi mwangu. Alipomaliza akanishika kifundo cha mkono na kusema maneno haya, nayaandika kama yalivyo: "Hukunikosea kitu. Mimi ndiye niliyekutuma uende. Ungebaki hapa kunitazama, tungekufa njaa wote, na ningekuchukia. Sikuwahi kukuchukia hata nilipokutukana." Mimi nikaitikia kwa sauti yako, nikatoka nikavua yale mabuti nikalia.

Asubuhi yake nilikuwa namwogesha. Nikiwa nampangusa mgongo, akasema polepole, "Mke mwenza, yule mume wangu wa jana, akija tena, mfundishe kupiga makofi. Alipiga ya kike."

Kitambaa kikanidondoka majini. Mabuti nilikumbuka, kikohozi nilikumbuka, lakini mikono ikafanya ilivyozoea tangu utotoni, na mtu aliyeiga watu maisha yake yote hawezi kukosa kusikia hilo. Nikamuuliza, sasa kama alijua, kwa nini alikula, na kwa nini aliyasema yale maneno yote. Akasema, "Wewe unaweza kukaa na kitu moyoni? Nilijua tu utamwandikia."

Kesho yake aliaga dunia, mchana, kabla ya basi.

Basi hayo ndiyo maneno yako, si yangu, nilikushikia tu. Nimeyafikisha kama alivyotaka, na kama umenikasirikia kwa kujifanya wewe, nikasirikie, nitavumilia. Mwakani baada ya mavuno tutapika pombe ya tambiko, ya kuirudisha roho yake nyumbani. Ukipata njia, njoo. Ukishuka usipitie kwanza uani kwetu. Kaburi lake liko nyuma ya zizi, utaliona kwa mawe meupe. Chuchumaa hapo umpigie makofi.

Wasalimie wenzako wa chumbani, na uache kulala bila blanketi. Mai Kundai anakuombea. Yale mabuti nimeyapaka mafuta, yanakungoja.

Na ukifika pale kaburini, Tongai, viganja vyako vinyooshe vizuri. Asije akadhani ni mimi tena.

Ni mimi dada yako, mke mwenza,
Shuvai