Mkono Uliounga Vibaya

Mdogo wangu,

Salamu nyingi, na magoti yako nayo nayasalimu, maana najua hayajapona kwa kuwa dawa hunywi. Mimi ni mzima. Wajukuu wazima, isipokuwa yule wa mwisho ambaye kazi yake ni kula na kulala. Naandika mwenyewe, kwa elimu yangu ya darasa la tatu, kwa hiyo ukinicheka, cheka kimya kimya.

Utakuwa umesikia nimepewa tuzo. Ni kweli. Mimi mfagiaji wa makumbusho nimewashinda wasomi wenye miwani. Ni tuzo ya kuwafikishia watu sayansi. Wageni wakija chumba cha mwili wa binadamu, mtaalamu huwasomea majina ya mifupa mpaka wanapiga miayo, kisha wananifuata mimi na ufagio wangu. Nawaonyesha mifupa ya mtu mzima, imeungwa kwa waya, imesimama ndani ya kabati la kioo. Nawaambia watazame mkono wa kushoto: ulivunjika utotoni, ukafungwa kwa vipande vya mbao, ukaunga umepinda, kwa maana mwili hujitengeneza hata fundi akiwa mbovu. Watoto wanatulia tuli. Mwamuzi mmoja wa tuzo aliniuliza nimejuaje habari za mbao. Nikamjibu kwamba nina macho.

Sasa sikia, na usinikatize kama kawaida yako. Mifupa ile ina tabia. Kila jioni mtaalamu anaielekeza mlangoni, anafunga kabati, anaondoka na ufunguo. Asubuhi naikuta inaitazama ndoo yangu. Anasema ni mtikisiko wa malori. Wiki iliyopita barabara ilifungwa, halikupita hata moja, na nikaikuta imegeuka, vidole vya ule mkono vimegusa kioo, na hapo pana ukungu kama wa pumzi. Nikaufuta, haukutoka. Ulikuwa wa ndani.

Mbao zile nilizifunga mimi. Ulikuwa mchanga, hukumbuki. Kaka alianguka kutoka paani, nami nikamfunga vibaya. Na lile jino lake la mbele lililomeguka unalijua; mifupa ile inalo. Ni yeye. Miaka tisa namfuta vumbi.

Kuna baya zaidi. Mwaka ule alipoondoka baada ya kugombana nami, alikuja mtu wa hospitali mlangoni, wewe ukiwa sokoni. Alisema kuna mgonjwa hoi ametaja nyumba yetu, aende ndugu mmoja. Nilikuwa bado nimefura. Nikamwambia hatumjui. Kumbe maiti isiyo na ndugu hupewa chuo cha udaktari, na mifupa yake huweza kuishia makumbusho. Nimeyajua hayo hapa kazini. Nawe miaka arobaini unamtandikia kitanda, nami nakutazama tu.

Siku ya tuzo walinipa kipaza sauti nishukuru. Nikaomba wanipe kaka yangu nikamzike. Wakapiga makofi, wakidhani ndiyo mafundisho yenyewe. Mkuu wa makumbusho peke yake hakupiga. Ameniita, amesema atamtoa iwapo vipimo vya mate ya ndugu wawili vitaonyesha ni damu moja na mifupa ile. Yangu nimeshatoa. Bado yako.

Njoo kabla ya mwisho wa mwezi. Kama hutaki kuniona, nitakaa nje mpaka umalize.

Wasalimie majirani wote. Wakikuuliza nani alimkana, usinifiche.

Ni mimi,
Dada yako