Galaksi ya Bi Kinyume

Mdogo wangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba kikohozi cha mtoto kimepoa. Mimi sijambo, ila mgongo unanisumbua kwa kukaa. Mama ameniambia umelizoea duka la miwani. Asema afadhali kupima macho ya watu kuliko kukodolea nyota zisizokulisha.

Nakuandikia kuhusu galaksi yetu, ile tuliyoichunguza pamoja, iliyojipinda kama konokono. Ulisema mikono yake hutanguliza ncha mbele inapozunguka, ilhali karibu galaksi zote huburuta ncha zao nyuma. Darubini mpya imeipima tena. Ulikuwa sahihi. Tena ndani ya mikono ile miwili upo wa tatu, mwembamba, unaopindia upande mwingine, vilevile ulivyouchora kwa penseli.

Siku ya kutetea tasnifu yako, profesa alikuuliza kama umevaa miwani nyuma mbele. Ukumbi ukaangua kicheko, na tangu hapo hata mfagiaji alikuita Bi Kinyume. Kisha profesa akanigeukia mimi niliyeziandaa picha, akataka kujua kama huenda moja niliipindua, ikawa kama inaonekana kwenye kioo. Nilijibu kwamba inawezekana. Wakakufelisha kwa neno hilo.

Haikuwezekana, mdogo wangu. Jana yake nilikuwa nimelinganisha nyota za picha ile na ramani, moja baada ya nyingine, mara mbili. Nimejaribu kujiambia kwamba ilikuwa tahadhari ya kitaaluma, kwamba mwanasayansi haapi. Hoja hiyo nimeikagua na siiamini. Nadhani nilichoka kusikia kuwa wewe ndiye mwenye jicho. Huenda hata hili nalisema ili nionekane mkweli.

Makala kuhusu mzunguko huo itatoka mwezi ujao. Mhariri aliuliza nani aliyeugundua kwanza. Nikaandika jina langu. Sikusudii kulifuta. Ukilalamika, watanirudia mimi kuhusu picha zile, nami nitajibu kama nilivyojibu siku ile. Ndiyo maana barua hii nimeichapa, wala sitatia saini.

Nimeona ni vyema ulisikie kwangu kuliko kwa wageni. Kama huo ni upendo au ni namna nyingine ya kukuumiza, sijaweza kupambanua.

Mpe shemeji salamu zangu, na mtoto umkumbatie kwa niaba yangu.

Dada yako