Cheti cha Tekla

Oulu, Ufini
4 Februari 2024

Shikamoo Mama,

Mimi mzima, baridi tu ndiyo inanikomesha. Wewe na Tekla hamjambo? Kifua chako je?

Maombi ya Tekla ya kuja kuishi nami huku yamekataliwa. Mwanafunzi anaruhusiwa kumleta mwanawe, si mdogo wake, na cheti chake cha kuzaliwa kinasema mama yake ni wewe. Najua uliandika hivyo ili nirudi shule nimalize kidato cha nne, na sijasahau. Lakini nimechoka kuitwa dada na mtoto niliyemzaa mwenyewe. Naomba ukakirekebishe.

Mwanao,
Advera

Ntalikwa, Tabora
3 Machi 2024

Marahaba mwanangu,

Huku wazima, kifua kimetulia, mpunga umekubali.

Baba yako anasema tuache, nitaitwa mwongo kanisani. Nimemjibu kwamba nilidanganya ili mwanangu asome, na leo ningefanya vilevile. Acha waniite. Kuna kijana wa Gongoni anajitia kututengenezea cheti kingine kwa siku mbili, nimemfukuza. Uongo mmoja unatosha. Nitakwenda kula kiapo.

Mama yako

Ntalikwa, Tabora
19 Mei 2024

Mwanangu, u mzima? Sisi tupo, tunavuna.

Kiapo nimekula, cheti kipya ninacho, kimeandikwa jina lako. Shahidi alikuwa jirani yetu Josepha. Wakili alimwuliza amejua lini, akasema tangu siku ile ile: mwanamke wa miaka hamsini, jana yuko shambani na jembe, leo ana kichanga? Kumbe kijiji kizima kilikuwa kinanistahi tu. Nilicheka mpaka nikalia.

Kisha nikamweleza Tekla. Alinuna siku mbili. Jana kasema hapandi ndege kumfuata mtu aliyekuja likizo mara tatu, na mara zote akamwita “mdogo wangu”. Ana miaka tisa, na kasema kweli. Mimi simbembelezi. Njoo umwambie mwenyewe.

Mama yako

Oulu, Ufini
9 Juni 2024

Shikamoo Mama,

Barua nimeisoma nikiwa nimesimama mlangoni, hata koti sijavua. Imeniuma.

Mwalimu wangu anasema nikiondoka sasa nitarudia muhula. Basi nitarudia. Nafika Tabora tarehe ishirini na mbili. Usimtulize wala usimfundishe la kusema. Anitukane akitaka, nitakaa hapo hapo mpaka amalize, na kesho yake nitakaa tena.

Mwanao,
mama yake Tekla