Mapigo ya Nafisa

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Quionga. Enfermeira Deolinda, muuguzi wa zahanati, kasema niandike: Nafisa kalala saa ngapi, moyo umepiga mara ngapi kwa dakika. Mengine naandika kwa kuwa sina wa kumwambia. Binti yangu ana miaka saba, hasemi, na huu ni usiku wa tatu hajalala. Deolinda anasema si jini, ni autismo, yaani usonji. Kuna watoto wa namna hii, mwili umechoka lakini moyo haukubali kutulia. Mama mkwe ananipa mpaka Ijumaa. Asipolala, atampeleka Mbau kwa mganga, akae huko mpaka jini litoke. Mwezi, labda miwili. Bila mimi.

Nimempigia Aiuba, baba yake, huko Mtwara. Kasema mama yake anajua zaidi. Simu ikakatika.

Jumanne, 5 Agosti

Usiku 112. Alfajiri 116. Kazunguka chumba akigusa kuta. Nahesabu kwa saa ya simu, dole gumba kwenye kifundo cha mkono wake. Jirani hakuja. Tangu Nafisa alipopiga kelele kwenye harusi ya binti yake, hapiti hata kuomba moto.

Jumatano, 6 Agosti

114. Nimetoa fumba la marehemu mama — ule mkeka ulioshonwa kama mfuko, tuliolala ndani yake utotoni kukwepa mbu. Nafisa kaingia mwenyewe! Kichwa nje, mwili umebanwa. Hakulala, lakini katulia. Mama mkwe kachungulia, kauliza: namzika mtoto angali hai? Maana maiti nao tunawafunga mkekani.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimempelekea Deolinda namba zangu. Kataka nihesabu mbele yake. Kacheka kidogo, kisha kaacha. Dole gumba lina mapigo yake lenyewe, kasema. Siku zote hizi nimehesabu moyo wangu mimi. Kamshika Nafisa kwa vidole viwili: 92. Halafu kaniuliza mimi nalala saa ngapi.

Sikumbuki nani aliniuliza mara ya mwisho. Nimelia pale pale, mbele ya foleni nzima. Nafisa kaziba masikio.

Ijumaa, 8 Agosti

Kalala! Ndani ya fumba, tangu saa nane za usiku. Sasa saa moja asubuhi, bado. Vidole viwili: 74.

Mama mkwe kaja na kikapu, nguo za Nafisa zimo. Nikamwambia kalala. Kasema nahesabu ninavyotaka. Nikamshika mkono — sijawahi kumshika — nikaweka vidole vyake viwili chini ya taya ya mtoto. Hesabu wewe, mama.

Kwa mkono wa pili katoa tasbihi. Shanga moja, pigo moja. Dakika imepita zamani, sijamwambia. Kaanza mzunguko wa pili. Naandika nikiwa kizingitini, kikapu nyuma yangu.

Gari la kwenda Mbau linapiga honi barabarani. Mara ya pili sasa. Mama mkwe hajautoa mkono.