Mafuta Juu ya Kalamu

Jumamosi jioni

Kwenye mkutano wa wazazi leo, mimi kama mwalimu mkuu nilizitoa heshima kwa mpangilio: Chifu, Mchungaji, mwenyekiti wa bodi, wazazi, kisha watahiniwa. Hofu yangu ilikuwa moja. Mwaka jana shule yetu ilishika mkia, na ikishika tena nitahamishwa.

Niliwaeleza kwamba kwenye maombi ya mtihani uliopita kalamu zilipakwa mafuta ya baraka mengi mno, zikateleza vidoleni, na karatasi za hisabati zikang'aa kama chapati.

Mchungaji akasimama. "Mwalimu, unasema maombi ndiyo yalituangusha?"

"La hasha, Baba. Hata kabla ya mafuta tulikuwa tukianguka vizuri tu."

Nilijuta kabla sijamaliza. Akaniokoa Mama Kendi, kutoka nyuma: "Mwalimu, wangu hakupakwa mafuta. Wiki hiyo yote alikuwa shambani ananichumia kahawa, na bado alianguka."

Watu wakacheka, Mchungaji akiwamo. Kisha wazazi wengi wakatazama viatu vyao, nami nikajua nimepata nilichokuwa nikikitafuta.

"Basi tumekata shauri," nikasema. "Kalamu zitaombewa zikiwa ndani ya pakiti. Na kuanzia Jumatatu hadi mtihani uishe, kila mzazi atachuma kahawa yake mwenyewe."