Mfalme Asoka na Baba

Jumatatu, 6 Agosti 1951
Swali la masomo ya posta limefika hapa Kalamba. Je, Mfalme Asoka wa India alaumiwe kwa kuanguka kwa dola yake? India! Mimi hata Mombasa sijafika. Lakini kitabu kinasimulia vizuri. Alishinda vita, akaona maiti, akajuta, hakupigana tena. Baada ya kufa kwake, miaka kama hamsini tu, dola ikaisha. Wengine wanasema upole wake ndio uliolegeza askari. Wengine wanakataa.

Jumatano, 8 Agosti
Kurasa nne bila kupumua. Nimemlaumu. Nilijua kabisa ni nani hasa ninayemlaumu. Baba ni hedimani, mkuu wa kijiji aliyewekwa na serikali. Mwaka wa njaa vijana wake wa zamu waliwapiga mishale watu watatu, wakidhani ni wezi wa ng'ombe. Kumbe walikuja kutafuta maji. Baba aliwazika kwa mikono yake, akaokoka, akakusanya pinde zote akazichoma. Sawa. Lakini wezi hawakuokoka! Mwezi wa Mei walimuua baba mdogo Mutie, alipowafukuza kwa fimbo. Fimbo tu! Namlilia hata sasa.

Ijumaa, 10 Agosti
Baba ameniomba nimsomee insha, nimtafsirie. Ningesema sijamaliza. Sikusema. Nilisoma yote, hata pale nilipoandika kwamba mfalme alinunua amani ya moyo wake kwa damu ya watu aliopaswa kuwalinda. Hakukasirika. Aliuliza tu kama huyo mfalme alikuwa na ndugu. Akatoka, ugali wake haukuguswa. Mama hanisemeshi.

Jumapili, 12 Agosti
Kanisani Muthoki, mjane wa Mutie, amekaa mbali na baba. Watu wameona. Kesho ni baraza la DC, mkuu wa wilaya, na wazee wanataka baba aondolewe. Nimemwambia baba kuna mengine nimesoma kuhusu Asoka — magavana waliokula kodi, wafalme dhaifu waliofuata — pengine nilikosea. Amenikatiza. Ananiita mama, maana nina jina la mama yake.

"Mama, chukua karatasi. Mwandikie DC kwamba naacha kazi. Kizungu mimi sina."

Nikauliza nitoe sababu gani.

"Tia yale ya mfalme. Pale pa damu. Toa jina lake, weka langu."

Ameketi mbele yangu, kofia magotini. Barua ina tarehe tu. Nimeshindwa, nimefungua daftari hili juu ya karatasi ya barua. Anaona kalamu inakwenda, anadhani ndiyo barua. Sasa ameuliza kama nimefika kwenye jina.